Unga wa Akina Baba

Mimi nina mdomo. Nilizaliwa nao, na mama yangu alikuwa akiapa kwamba nilianza kulia kabla mkunga hajanishika vizuri. Ndiyo sababu kikundi chetu cha akina mama kiliponunua mashine ya kusaga unga, hakuna aliyeuliza ni nani ataisimamia. Wote waligeuka wakanitazama. Kusimamia mashine si kazi ya mtu mpole. Injini ya dizeli inanguruma, mkanda unapiga makofi, wateja wanasukumana na kila mmoja anadai alifika mbele ya mwenzake, na wewe umejaa vumbi la unga hadi kwenye kope, unafanana na ajuza. Lazima uwe na sauti ya kuwashinda wote, pamoja na injini. Mimi nilikuwa nayo, na nyingine ya akiba.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika kwetu upande wa Muthetheni. Kikundi chenyewe kilianza kama mwethya wa kawaida, akina mama wa kijiji kimoja wanaosaidiana kuchimba matuta shambani, leo kwangu, kesho kwako, kwa nyimbo na uji. Tulipochoka kubeba mahindi hadi sokoni, tukaunganisha nguvu tukapata mashine yetu wenyewe, tukaijengea banda la mabati karibu na njia inayoteremka mtoni. Jumamosi ilikuwa ndiyo siku kubwa. Hakuna nyumba ambayo haikutuma mtu, maana hakuna nyumba isiyokula ugali.

Mwaka wa pili wa mashine, shule yetu ya msingi ilipata mwalimu mkuu mpya. Alikuwa mama mfupi, mkoba kwapani, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa mahali. Alichokuta shuleni hakikumfurahisha. Walimu walikuwa upande wao, wazazi upande wao, na katikati yao kulikuwa na watoto waliotumwa kubeba habari. Sasa jamani, mtoto ni mjumbe wa aina gani? Mwalimu anasema gwarideni, "Waambieni wazazi Jumatano kuna chanjo." Mtoto anaitika vizuri sana. Halafu kati ya shule na nyumbani kuna mapera, kuna mchanga wa mto, kuna mpira wa makaratasi. Habari iliyotoka shuleni saa tisa inakuwa imekufa kabla ya kuvuka mto. Barua nazo hazikuwa na maisha marefu. Bibi mmoja jirani yangu alizipenda sana barua za shule, kwa sababu karatasi zake zilikuwa ngumu na zilifunga ugoro vizuri.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Kwetu sisi, kuitwa shuleni kulikuwa na maana moja tu. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Nimeambiwa niende na mzazi," moyo wa mama unashuka hadi magotini. Amepiga mtu? Amevunja dirisha? Hakuna mzazi aliyewahi kuitwa aambiwe mtoto wake anaimba vizuri. Kwa hiyo watu walilikwepa lango la shule kama wanavyolikwepa lango la chifu.

Jumamosi moja mwalimu mkuu akaja kusaga unga. Hakutuma mtu. Alibeba mahindi yake mwenyewe kwenye kyondo, kile kikapu chetu cha kusuka, akapanga foleni na kukataa kupitishwa mbele. Alisimama pale muda mrefu akitazama. Foleni ilikuwa imezunguka banda, na kila mtu alikuwa akiongea na mwenzake kuhusu kila kitu kilicho chini ya jua. Zamu yake ilipofika alisogeza mdomo sikioni mwangu, maana injini ilikuwa inanguruma, akasema kwa sauti kubwa, "Mama, kumbe wazazi wangu wote wako hapa! Mimi nawatafuta huko ofisini, kumbe wako kwako!"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mdomo wa shule. Kila Ijumaa jioni alipitia kwangu akaniambia ya wiki. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha injini, nilipanda juu ya debe lililopinduliwa nikatangaza. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kusaga kabla ya habari. Walionuna walinuna, lakini mtu mwenye njaa ana masikio mazuri sana.

Mwalimu mkuu alikuwa na sharti lake pia. Kila Jumamosi lazima kuwe na habari njema ya watoto, watatu au wanne, kila mtu na lake. Si mambo ya mtihani peke yake. Mtoto wa fulani ameacha kulia darasani. Mtoto wa fulani amemfundisha jirani yake kufunga kamba za viatu. Mara ya kwanza nilipotangaza hivyo, mama aliyehusika alidhani namtania. Alisema, "Wangu? Yule wangu?" Wenzake wakapiga vigelegele, naye akaficha uso kwenye leso yake akicheka. Tangu siku hiyo wanawake walianza kufika mapema. Hata waliokuwa na unga bado nyumbani walikuja na kagorogoro kamoja ka mahindi, kale kakopo ka kupimia, ili wasikose kusikia.

Habari zikaanza kurudi pia. Wazazi wakaniambia mimi, nami nikamwambia mwalimu mkuu Ijumaa: huyu haoni ubaoni, asogezwe mbele, yule anafinywa na aliyeketi naye, darasa la tano linavuja upande wa mlango. Na mwalimu akafanya kitu, na akina mama wakaona amefanya. Wakaanza kuingia lango la shule bila kuitwa. Nakwambia, ilikuwa raha. Nilijisikia kama mtu aliyeoza binti wawili siku moja.

Lakini wote hao walikuwa wanawake. Kwetu mwanamume habebi mahindi kwenda kusaga. Hakuna aliyekataza, hakuna sheria, ni jambo ambalo halijawahi kufanyika tu, kama vile hakuna mwanamume anayesuka kyondo. Kwa hiyo akina baba walizisikia habari za shule wakila, wakiitikia "mm, mm" huku wakimega tonge. Shule kwao ilikuwa kama mvua inayonyesha mbali huko Kithyoko: wanajua imenyesha, lakini haikuwalowesha.

Mume wangu alikuwa mmoja wao, tena alikuwa na sababu. Alifanya kazi kwenye ranchi upande wa Konza, akichunga ng'ombe wa watu, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ni mtu mzuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Hakunipandishia mkono hata siku moja, na hajawahi kuja mikono mitupu. Lazima alete mkate na sukari, na kitu kidogo cha kitinda mimba wetu. Ng'ombe wa ranchi aliwajua kila mmoja kwa uso, akikusimulia huyu ana wivu, yule ni mchokozi, mpaka ukadhani anasimulia wakwe zake. Ila ya shule aliniachia mimi. "Hayo ni yako, mama watoto," alisema, kama mtu anayenipa zawadi.

Siku ya wazazi ya kwanza ya mwalimu mkuu yule ilikuwa mpya kwetu. Hakutaka hotuba. Alitaka kila mtoto asimame kando ya dawati lake, na mtu wa kwao aje, akae pale, afunguliwe madaftari. Akina mama walifurika. Mimi nilikuwa kwenye kamati, kwa hiyo nilipewa chai. Nilipokuwa napita na birika karibu na darasa la kwanza, nilimwona binti yangu, yule kitinda mimba. Amesimama kando ya dawati lake, amekumbatia daftari kifuani, macho mlangoni.

Niliweka birika chini nikaingia. Nikamwambia, "Haya, nionyeshe."

Akanitazama kwa huruma, yaani yeye ndiye aliyenihurumia mimi. "Mama, wewe uko na kazi ya chai. Mimi nangoja baba."

Sikumwambia kwamba baba hajui hata kama leo kuna kitu. Nilirudi kwenye chai. Alingoja hadi kengele ikalia, akafunga daftari lake bila kulifungua, na jioni akacheza na wenzake kama kawaida. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira yangu si ya kuwaka na kuzimika. Ile niliiweka ghalani, nikaitunza mwaka mzima.

Mwaka uliofuata, siku ya wazazi ilipokaribia, niliita kikao cha kikundi bandani. Mwenyekiti wetu alikuwa mjane mzee, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko, ambaye sote tulimwita mwaitu, yaani mama yetu. Nikawaambia, "Akina mama, hawa wanaume wanakula unga wetu kila siku. Jumamosi kabla ya siku ya wazazi, tusage tu mahindi yaliyoletwa na baba mwenye nyumba, aje mwenyewe na miguu yake. Wakija wote hapa, mimi nitawatangazia shule wasikie na masikio yao."

Mmoja akauliza, "Na sisi wajane?"

"Wajane wanaleta wenyewe," nikasema. "Na walio na mume mbali pia."

"Afadhali," akasema mwaitu. "Maana huyo wangu akikuja hapa Jumamosi na gunia begani, nyinyi wote mtakimbia mniache na yeye."

Tulicheka hadi tukashika kuta. Baada ya kicheko kile hakuna aliyepinga. Na neno la mwethya likishapita, limepita; hata mwanamke anayemwogopa mumewe anaweza kusema, "Si mimi, ni kikundi."

Wiki hiyo wanaume walikuwa na kazi ya kunung'unika. Mmoja aliapa sokoni kwamba atakula muthokoi wiki nzima, na muthokoi hauhitaji mashine, ni mahindi ya kukobolewa kwenye kinu. Mke wake akamwonyesha kinu kilipo, akamwonyesha na mchi. Habari hiyo ilifika bandani kabla ya jua kuchwa.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nilifungua banda, nikafagia, nikakaa. Hakuna mtu. Akina mama walikuja, ndiyo, lakini mikono mitupu, kutazama. Walikaa chini kwenye kivuli cha banda, miguu imenyooshwa, kama watu waliokuja arusini. Jua likapanda. Nikaanza kujiuliza kama wanaume wa kijiji hiki kweli wanaweza kufa njaa kwa ajili ya heshima.

Ndipo tukasikia mkokoteni. Ng'ombe wawili walikuwa wanauvuta polepole, na juu yake kulikuwa na magunia ya kijiji kizima, yamepangwa hadi juu. Aliyekuwa anawaongoza ng'ombe ni kijana mmoja mseja, mbeba mchanga, mtu wa mzaha. Alisimamisha mkokoteni mbele yangu, akavua kofia.

"Mlisema mwanaume alete," akasema. "Haya. Mimi ni nini?"

Akina mama walipiga mayowe. Mimi niliinuka nimkatalie, nikakaa tena. Alikuwa na haki yake. Tulisema baba mwenye nyumba, lakini sasa kusimama pale kubishana na kijana anayecheka, na ng'ombe wake wanatucheka pia, kungetufanya sisi ndio wapumbavu.

Mwaitu ndiye aliyeinuka. Alizunguka mkokoteni taratibu, akapapasa gunia moja, akapapasa la pili. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa tuambie. Hii ni ya nani, na hii ni ya nani?"

Kijana akatazama magunia. Akatazama ng'ombe. Akatutazama sisi. Kila mwanamke pale alijua lake. Mahindi yako unayajua kwa rangi ya punje, kwa harufu ya ghala lako, kwa kiraka ulichokishona gunia mwenyewe. Lakini hakuna aliyenyoosha kidole. Walikunja mikono wakatazama mbinguni, watakatifu kama masista.

"Basi waite wenyewe waje wachague," akasema mwaitu.

Hakuhitaji kwenda mbali. Wanaume wote walikuwa nyuma ya duka lililo hapo jirani, wakisikiliza. Walitokea mmoja mmoja, mikono mfukoni, kila mmoja akijifanya alikuwa akipita tu. Na wao hawakuyajua mahindi yao! Wawili walishika gunia moja, kila mmoja akisema ni lake, na halikuwa la yeyote kati yao. Mwingine alifungua matatu akanusa, akachagua la nne kwa kubahatisha. Tulicheka mpaka mwanamke mmoja mja mzito akaomba tumwonee huruma.

Nilipoona jinsi walivyolegea, kichwa changu kikapata moto. Nikapanda juu ya debe langu. "Karibuni, akina baba! Gunia umepata, sawa. Lakini kabla sijasaga, kila mtu anijibu swali moja tu. Mtoto wako wa mwisho aliye shuleni yuko darasa la ngapi?"

Mungu wangu, zile nyuso. Mtu aliyejua idadi ya mawe kwenye ukuta wake wa boma alianza kuhesabu kwa vidole miaka ya mtoto, akaongeza moja, akatoa moja. Mwingine akajibu, "Ya kati-kati." Mwingine akamgeukia mkewe, mkewe akageuka kutazama barabara. Mwenye duka peke yake, mtu wa kutoka upande wa mkoa wa kati aliyekuwa ameishi kwetu miaka mingi, alijibu haraka, na jina la mwalimu juu yake, kwa sababu binti yake alimmalizia madaftari dukani kila muhula. Tukampigia makofi, nikamsagia kwanza. Walioshindwa niliwaambia waende wakamuulize mtoto mwenyewe kisha warudi. Walienda. Tuliwaona wakikimbia, watu wazima, kwenye miteremko, na watoto waliokuwa wakicheza mtoni wakashangaa kuona baba zao wanawatafuta bila fimbo.

Katikati ya furaha hiyo mume wangu akatokea. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Alishuka barabarani na mfuko wake wa mkate na sukari, akakutana na wenzake, wakamweleza, naye akaona ni mchezo mzuri. Alikuja akitabasamu. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia letu, maana lilikuwa gunia la chakula cha ng'ombe ambalo yeye mwenyewe alilileta kutoka ranchi. Akina mama wakapiga vigelegele. Akaniletea pale mbele, akaliweka chini, akajifuta jasho.

Wote wakasogea karibu. Walitaka kuona kama sheria yangu ina jamaa.

Nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine. "Baba watoto, mtoto wako wa mwisho yuko darasa la ngapi?"

Alijibu bila wasiwasi wowote. "La kwanza."

Mtoto alikuwa la pili. La kwanza ndiko alikosimama mwaka uliopita, akimngoja.

Sijui nani alisema, "Muulize ng'ombe, atajibu vizuri!" Banda zima likalipuka. Ilikuwa mzaha mzuri, na siku nyingine yeye mwenyewe angeucheka. Lakini aliniangalia mimi, nami sikucheka wala sikumwokoa. Nilisema tu, "Kamuulize mwenyewe, kisha urudi." Akaliegemeza gunia ukutani polepole lisianguke, akakung'uta mikono, akaenda. Wenzake wote walirudi na majibu, wengine wakiwa wamebeba watoto mabegani kama ushahidi. Nilisaga hadi jioni. Nilitangaza siku ya wazazi mara tatu, na wanaume waliisikia. Wangu hakurudi.

Nyumbani nilimkuta akitengeneza uzio wa zizi la mbuzi. Tulikula isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa sababu unga haukuwepo. Aliongea kuhusu mvua, kuhusu mbuzi mwenye kikohozi. Binti yetu alikaa juu ya nyayo za baba yake kama alivyopenda, akala mkate wake. La shule hakuligusa, na mimi sikuligusa. Jumapili asubuhi, kabla ya saa ya kanisa, akachukua mfuko wake akarudi Konza. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu, maana siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Wenzangu walinitania kwamba nimeachwa kwa sababu ya hesabu, nami nikawajibu vikali, nikacheka, na nikirudi nyumbani nilikuwa naogopa. Sikuogopa kwamba nimemkosea. Nilikuwa na haki na bado ninayo hadi leo. Niliogopa kwamba nimekuwa na haki kwa gharama ya mtoto. Ningeweza kutuma neno kwa madereva wa malori wanaopita Konza. Ningesema, njoo, tafadhali. Lakini nilitaka aje kwa miguu yake, si kwa kuburutwa na mdomo wangu, ambao ulikuwa umeshaburuta kijiji kizima.

"Mama, baba atakuja Ijumaa?" binti akaniuliza.

"Muulize Mungu," nikamwambia, nikiwa nimechoka.

Akalichukua neno langu kama lilivyo. Kila tulipoketi kula alifumba macho akamuuliza Mungu kwa sauti kubwa, akataja Ijumaa na darasa la pili, mlango wa kushoto, asije akapotea.

Ijumaa wanaume walikuja. Sijawahi kuona kitu kama kile shuleni kwetu. Walikuja na makoti ya kanisani, kofia mkononi, wakaingia madarasani kwa kuinama. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, wakaonyeshwa hesabu, wakaonyeshwa ramani ya wilaya, wakaonyeshwa michoro ya kuku. Yule aliyejibu "ya kati-kati" alikuwa amekamatwa na mwanawe asiende mahali mpaka asikilize shairi lote. Mwalimu mkuu alizunguka na mkoba wake kwapani, akicheka peke yake kama mtu aliyeota ndoto nzuri. Hata kijana wa mkokoteni alikuja, mseja asiye na mtoto. Alisema amezoea kubeba vya watu.

Na binti yangu alikuwa amesimama kando ya dawati lake, daftari kifuani.

Safari hii nilikataa chai. Nilisimama nje karibu na dirisha la darasa la pili na kujifanya natazama maua. Muda ulikwenda. Baba wengine walikuwa wameshamaliza, wameanza kutoka uwanjani wakijisifu. Mwalimu mkuu akamwona mtoto peke yake, na kwa moyo wake mzuri akamwita kijana wa mkokoteni, akamwambia akae naye. Kijana akaingia, akakunja miguu yake mirefu chini ya dawati, akasema, "Haya, mrembo, nionyeshe kitabu."

Binti yangu akatikisa kichwa. Alijibu kwa adabu, nilimsikia kabisa. "Asante, anko. Lakini mimi niko na wangu anakuja."

Kijana akaniona dirishani. Hakuwa na mzaha usoni. Akainuka, akaenda kukaa na mtoto mwingine, na mimi nikageuka kutazama uwanja kwa sababu sikutaka mtoto aone macho yangu.

Hapo ndipo nilipomwona akikata uwanja. Alikuwa na gambuti zake za ranchi, vile viatu virefu vya mpira, zenye matope makavu, na koti la mvua mkononi, amejaa vumbi la lori kichwani hadi nyusi zimebadilika rangi. Hakukimbia, lakini alikuwa anatembea kwa hatua ndefu za mtu anayerudisha ng'ombe kabla ya mvua. Baadaye aliniambia kwamba alipoomba ruhusa, msimamizi wake alimuuliza kwa nini. Akasema anaenda shule ya mtoto. Msimamizi akauliza, mtoto amefanya nini? Naye akajibu, "Hajafanya kitu. Naenda tu kumwona." Alisema msimamizi alimtazama muda mrefu, halafu akampa siku hiyo.

Alinipita pale nje, akagusa tu bega langu kwa vidole viwili, akaingia mlango wa kushoto. Binti yetu hakuruka, hakupiga kelele. Alisogea upande mmoja wa dawati kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni aliyetarajiwa. Baba yake akaketi, gambuti zikabaki kwenye njia kati ya madawati, maana hazikutosha chini. Akataka kufungua daftari katikati. Binti akamrudisha mkono.

"Hapana, baba. Anza hapa."

Akaanza pale. Ukurasa kwa ukurasa, kidole kidogo mbele, kidole kikubwa nyuma. Nilipunga mkono dirishani. Hawakuinua macho. Nikapunga tena. Ningeweza kuita; sauti yangu ilishinda injini ya dizeli, isingeshindwa na darasa moja. Nilinyamaza. Binti yangu hakuhitaji nimwone na hakukumbuka kwamba nipo, na mimi nilisimama pale nimesahauliwa na watu wangu wawili, nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumtangazia.